Spishi za Sare: Uchunguzi wa Drafti ya Vizibo, Tegeta

Wanazuoni wa sataranji wameshamaliza kazi yao. Kwao sare inafahamika: mwenye zamu hana pa kwenda na mfalme wake hajatishiwa, hali ileile imejirudia mara tatu, kila upande umecheza mara 50 bila kete kuliwa wala kitunda kusogea, waliobaki hawana nguvu ya kumuua yeyote, au wawili wamepatana. Karpov na Kasparov walianza mechi yao Moscow mwaka 1984, wakacheza michezo 48, sare 40, mpaka FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ikaivunja Februari 1985. Elimu iliyokamilika namna hiyo haimwachii mtafiti mchanga hata mfupa. Ndiyo maana nikahamia drafti, na maabara yangu ni benchi la kijiwe kimoja Tegeta, kando ya Barabara ya Bagamoyo, yanapopita malori ya saruji ya Wazo.

Kwanza vifaa. Ubao ni kipande cha plaiwudi chenye nyumba 64. Kete ni vizibo vya soda, 12 kwa 12: vya huyu vimelala chali, meno juu, vya yule kifudifudi. Kete huenda mbele kwa mshazari, nyumba moja moja. Ikifika mstari wa mwisho inabebeshwa kizibo cha pili mgongoni, inakuwa kingi, na kingi hukata mshazari mzima, mbele na nyuma, kama bodaboda asiyejua upande wake wa barabara.

Sare zina koo mbili. Ukoo wa ubaoni ni maskini. Spishi yake ya maana ni moja tu. Kingi mmoja ameshika mshazari mrefu, ule wa kona hadi kona, anawindwa na kingi watatu. Hawampati. Kitaaluma mchezo umekwisha hapo hapo. Kijiweni unaendelea dakika arobaini, maana mwenye watatu anaamini mwenzake atasinzia. (Nimeshuhudia akisinzia, mara moja.)

Ukoo wa nje ya ubao ndio wenye neema. Ipo sare ya adhana, ipo ya giza. Hizo hazina utata. Sare ya abiria inahitaji kufikiriwa zaidi. Mchezaji ni dereva wa bodaboda, abiria anatokea katikati ya mchezo. Nimegundua kwamba dereva mwenye kete nyingi humwambia abiria, "Dada, nipe dakika mbili," lakini aliyebaki na tatu huwa ameshawasha pikipiki kabla hajaulizwa bei.

Kisha sare ya lori. Kizibo ni chepesi. Lori likipita kasi, upepo wake unazoa nusu ya jeshi. Mchezo hupangwa upya kwa kumbukumbu, na ukijumlisha kumbukumbu za wachezaji wote wawili, ubao unapata kete nyingi kuliko zilizokuwapo. Watazamaji, ambao tangu asubuhi walikuwa wanafundisha kila hatua, hapo hawakuona kitu.

Spishi adimu kuliko zote ni sare ya heshima. Kijana anamwona mzee amebanwa, anasema kwa upole:

"Mzee wangu, hii tugawane tu."

"Tugawane nini? Kula kete zako."

Sijapata kuona mzee akiipokea.

Hapo nikaona nilete ushahidi kutoka ng'ambo. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza matokeo ya kazi waliyoianza mwaka 1989: drafti ya Kiingereza, 12 kwa 12 kama yetu ila kingi wake hutembea nyumba moja, ikichezwa bila kosa pande zote mbili, mwisho wake ni sare. Kompyuta zilichambua mpaka zikathibitisha. Nikamweleza mzee mmoja hayo yote, polepole, pamoja na miaka.

"Miaka 18 hakuna aliyefungwa?"

"Hakuna, mzee."

"Basi walikuwa wanaogopana. Kaa hapo, panga."

Akavilaza vizibo vyake meno juu. Nilifungwa mitatu mfululizo. Mchezo wa nne nilikuwa nimebaki na kete mbili lori lilipopita. Kwa kumbukumbu yangu zilikuwa tano.