Bamia Haingoji Jumamosi

Anayejiunga na shamba la hisa huandaliwa kwa kila balaa isipokuwa ile itakayompata. Utaratibu wenyewe ni rahisi: kabla ya msimu kuanza, wakazi wa mjini wanamlipa mkulima fedha za msimu mzima, yeye ananunua mbegu na mbolea bila kukopa, na kila wiki wanagawana kilichovunwa. Makubaliano huandikwa kwa sauti ya msibani: mvua inaweza kukosekana, mdudu kantangaze anaweza kumaliza nyanya, na siku hiyo kikapu kikija chepesi fedha hazirudi. Mwanachama anasoma, anatikisa kichwa kwa huzuni ya kiungwana, anatia saini na kujiona shujaa wa wakulima. Hakuna kifungu hata kimoja kinachomwonya kwamba mvua inaweza kunyesha vizuri. Basi ikinyesha vizuri, na bodaboda akashusha mlangoni shehena ya mchicha na nusu ndoo ya bamia, mtu aliyekuwa amejiandaa kwa njaa anakutwa hana mpango wowote wa shibe. Hoja yangu ni kwamba karibu ajali zote za kikapu cha msimu huletwa na neema, wala si upungufu, na kwamba neema hiyo, pamoja na kero zake, ndiyo hasa tuliyoilipia.

Mpango huu haukuzaliwa kwetu. Huko Japani, katika miaka ya 1970, familia za mjini zilizokuwa na wasiwasi juu ya viuatilifu katika chakula zilianza kuelewana moja kwa moja na wakulima, kwa utaratibu unaoitwa teikei. Chama cha kilimo hai cha nchi hiyo, kilichoundwa mwaka 1971, kiliutungia kanuni kumi mwaka 1978, na mojawapo inamtaka mlaji apokee mazao yote yanayoletwa. Yote. Nadhani aliyeiandika alikwisha kumwona mlaji akijificha nyuma ya pazia siku ya figili. Mwaka 1986 wazo la namna hiyo liliota mizizi Marekani, kwenye shamba la Indian Line alikokuwa mkulima Robyn Van En, jimboni Massachusetts, na kwenye shamba la Temple-Wilton huko New Hampshire. Mwaka 2001 familia ya Vuillon ikalianzisha kusini mwa Ufaransa baada ya kuliona New York. Kila lilipofika lilikuta zao lililo tayari kuwaaibisha watu. Kwa Wamarekani ni zukini, jamii ya boga linaloliwa likiwa changa, ambalo mashina mawili matatu yanatosha kulisha ukoo. Kuna utani wa vijijini huko kwamba Agosti ndio mwezi pekee wa kufunga milango ya gari kwa ufunguo, na sababu si wezi: ukiliacha wazi utakuta kiti cha nyuma kimejaa zukini za jirani. Wamelitengea hata siku, tarehe 8 Agosti, ya kunyatia kibaraza cha mwenzako usiku na kumtupia mzigo. Yaani taifa zima limekubali kwamba neema ikizidi kiasi hutolewa gizani.

Kwetu zukini si tatizo, lakini tusijipongeze mapema, maana bamia tunayo. Ua la bamia likishadondoka, tunda huwa laini kwa siku chache tu. Shina linataka lichumwe kila baada ya siku moja au mbili, la sivyo bamia zinakomaa na kuwa ngumu kama njiti, na shina lenyewe linapunguza kuzaa. Mwanachama kwa upande wake ana Jumamosi moja kwa wiki, na bamia haingoji Jumamosi. Mkulima anachuma, anahifadhi, anachuma tena, na Jumamosi inapofika anatuma mkupuo mmoja ambao hata mpenzi wa bamia angeupokea kwa salamu fupi. Mchicha nao, ukishapandwa, unahitaji wiki tatu au nne tu kabla ya kutaka kung'olewa. Ukichelewa unatoa maua na kuwa mti. Halafu ipo nyanya chungu, ngogwe kwa jina lake lingine, ambayo ikianza kuzaa huzaa kwa miezi, kwa utulivu, bila kumuuliza mtu. Mimea hii haina habari kwamba nyumba ya watu wanne hula mboga ya watu wanne. Ajali inatokea hapo, shamba linapokwenda kwa mwendo wa jua na mvua huku jiko likienda kwa mwendo wa mshahara na mitihani ya watoto.

Mnunuzi wa gengeni hajui lolote juu ya mgongano huu, na hapo ndipo hoja inaponoga. Mavuno yakizidi, yeye anachokiona ni fungu la nyanya lililonenepa kwa bei ileile. Anashukuru, anaomba nyongeza, anapewa, anakwenda zake. Neema imemfikia ikiwa imekwisha kuchujwa. Iliyobaki imekaa kwa mkulima, ambaye ametoa matenga ya nyanya shambani na kukuta bei hairudishi hata gharama ya kuyasafirisha, na pengine akaziacha zioze palepale. Au imepanda juu ya gunia kwa sura ya lumbesa, kile kilemba cha wavu kinachoongezwa mdomoni mwa gunia la viazi au vitunguu hadi gunia lenyewe linaonekana limevaa kofia ya sherehe, huku mkulima akilipwa gunia moja. Tanzania sheria ya vipimo inaikataza lumbesa. Kenya kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa mwisho wa uzito wa gunia la viazi. Serikali hazitungi sheria za namna hiyo kwa sababu ya ukame. Zinazitunga kwa sababu mazao yakiwa mengi, mwenye gunia ndiye anayebembeleza. Shamba la hisa linachofanya ni kuiondoa kofia hiyo kichwani mwa mkulima na kumvika mwanachama, aliyelipa mapema na hana pa kukimbilia. Kwamba inamkaa upande na kumfanya achekwe na familia yake ni jambo la haki kabisa.

Watakuja wenye kusema: sokoni nachagua ninachotaka, kwa nini nilipie kuchaguliwa? Ni pingamizi zuri, ila linasahau jinsi watu wanavyochagua. Nenda Kariakoo au Kongowea ukasimame kwenye vibanda vyenye kila kitu ambacho ardhi ya nchi inaweza kutoa, kisha angalia vikapu vinavyotoka: kitunguu, nyanya, hoho, karoti, kabichi. Mwezi ujao vilevile. Uhuru wetu wa kuchagua tumeutumia kuchagua vitu vitano na kuvioa. Kikapu cha msimu ndicho kinachomleta mlangoni mgeni asiyealikwa: majani ya maboga yanayotaka kumenywa nyuzi, mnavu wenye uchungu wake, matembele, mashelisheli. Na kisamvu. Kisamvu kinahitaji kinu, mchi na mabega, na nyumba nyingi za ghorofani vitu hivyo vyote vitatu hazina. Wanaojaribu mashine ya kusagia juisi hupata kitu cha kijani kinachofaa kupakwa ukutani, na jirani wa chini hupata kelele. Hapa lakini utani una mpaka: majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, kwa hiyo asiyekuwa na kinu atafute mwenye nacho, asifanye haraka kwa sababu ya njaa. Fenesi nalo ni somo kamili. Moja linaweza kuwa na uzito wa mtoto wa shule, utomvu wake hauna mzaha, na asiyepaka kisu na mikono mafuta kabla ya kulipasua atashikana na jikoni kwa namna ambayo sabuni haitaitatua. Mtu anayajua haya siku fenesi linapomfikia tu. Aliye huru kuchagua hulipita sokoni, akala hoho.

Wengine wanapinga kwa ukali zaidi, na wana haki ya kuwa wakali. Wanasema hisa ya shamba ni mchezo wa watu wa magari makubwa, kwamba sisi wengine tuna shangazi kijijini anayetuma gunia kwa basi, na kwamba hakuna haja ya kuweka saini kwa jambo ambalo ukoo umelifanya tangu zamani. Nakubali kuhusu shangazi. Gunia la basi ndilo kaka mkubwa wa vikapu vyote, na kanuni ile ya Wajapani ya kupokea kila kinacholetwa haikuhitaji kuandikwa kwetu. Nani atamrudishia shangazi viazi? Ila tusijidanganye kwamba gunia hilo ni la bure. Linalipiwa kwa ada za shule, kwa bati la nyumba, kwa simu inayopigwa mwisho wa mwezi, na anayefanya hesabu vizuri atagundua kwamba shangazi anauza ghali kuliko shamba lolote la hisa. Halafu, shangazi hutuma pamoja na ujuzi. Wasukuma hawakukaa wakilalamika kwamba viazi vitamu vimezidi. Walivikata na kuvianika vikawa michembe, wengine wakavichemsha kwanza wakapata matobolwa. Wagogo wanaukausha mlenda ukawangojea hadi majira makavu. Mwanachama wa mjini amenunua mavuno bila ujuzi wake, ndiyo maana anatapatapa, na kosa hilo halirekebishwi kwa kuvunja hisa bali kwa kumpigia shangazi simu.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la kuoza. Kuna kitu cha aibu katika mchicha unaogeuka maji chini ya friji, hasa kwa mtu aliyejiunga ili chakula kisipotee. Sina jibu safi hapa. Nina jibu la sehemu: mchicha uliooza jikoni ungeoza shambani pia, kwa hasara ya mtu mwingine, na tofauti ni kwamba sasa aliyeulipia anaunusa. Embe zina afadhali. Zikimiminika mwambao kuanzia Novemba, achari ipo, embe mbichi kwa chumvi na pilipili ipo, na watoto wa mtaa wapo. Kugawia jirani ndiyo njia iliyozoeleka, lakini pwani ina adabu yake inayoharibu mpango mzima: sahani hairudi tupu. Unampelekea jirani nyanya chungu asubuhi ukiwa umetua mzigo, jioni mtoto wake anakurudishia sahani ikiwa na alichonacho mama yake, na mama yake naye amejiunga na shamba lilelile. Hapo ni shukrani, tena kwa tabasamu.

Baadhi ya mashamba ya hisa yamebuni njia iliyo nzuri kuliko hizi zote: sanduku la kubadilishana, linalowekwa pale vikapu vinapochukuliwa. Usichokitaka unakiacha humo, unachokitaka unakibeba, na hakuna anayeulizwa sababu. Asubuhi linakwenda vizuri, mtu anaacha mnavu na kuchukua karoti, mwingine anaacha bilinganya na kuchukua mnavu, na unaweza kuamini kwamba wanadamu wamemaliza tatizo la ugawaji. Kisha karoti zinakwisha. Jioni msimamizi akija kufunga anakuta sandukuni nyanya chungu tupu, nyingi kuliko zilizotoka shambani siku hiyo, maana wapo walioleta za wiki iliyopita kutoka nyumbani.