Mzinga wa Choroko

Nyumbani kwangu, Mombasa, kuna mzinga. Jaribu kuitamka sentensi hiyo mbele ya mgeni, bila kuongeza kitu, uone uso wake unavyogeuka. Nimeuona uso wa muuza mkaa, wa mkwe wangu, na wa kijana wa kusoma mita ya maji, ambaye papo hapo aliamua kwamba mita ya mwezi ule anaweza kuikadiria akiwa barabarani. Na si uongo: una mtutu, una magurudumu mawili, na unapiga. Ila mtutu una urefu wa sentimita 21, na risasi yake ni choroko.

Wako watu Ulaya na Marekani wenye uraibu huu kunishinda, na wao hutia baruti ya kweli. Nawapa heshima yao. Uingereza mtutu wa kuuzwa hupelekwa kwanza kwenye nyumba ya majaribio, ya London au ile ya Birmingham iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Huko hutiwa baruti kupita kipimo. Ukistahimili hugongwa muhuri, ukipasuka basi umepasukia kwa wenyewe. Kwangu baruti haiingii. Sheria ya Kenya haina mzaha nayo, na juu ya sheria kuna vidole. Nimekereza vyuma karakanani tangu ujana mpaka kustaafu, nikatoka na vidole vyote kumi. Wako wakubwa zangu kazini waliotoka na saba na saa ya ukutani. Siendi kuiharibu rekodi hiyo uani kwangu. Kwa hiyo mzinga wangu unakula hewa, ya pampu ya baiskeli.

Niliouiga uko Fort Jesus. Watu wakiingia ngome ile huwafikiria Wareno, na wana haki, maana walianza kuijenga 1593. Lakini pale upo mzinga ambao haukuwahi kumwona Mreno: ni wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliingia Zanzibar alfajiri, ikaikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga, mashine zake zinatengenezwa, ikaizamisha. Kisha ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji, mpaka Julai 1915 Waingereza walipoifikia kwa Severn na Mersey, meli za kina kifupi zinazoweza kupita mtoni. Manowari ilikufa, mizinga yake haikufa. Wajerumani waliiopoa yote 10, ikaundiwa magari ya magurudumu Dar es Salaam, ikaburutwa bara na wapagazi ambao hakuna aliyewauliza kama wanapenda mizinga. Na wa Pegasus nao uko ngomeni, karibu na huo wa Königsberg, kama mawifi waliolazimishwa kukaa harusi moja.

Nilikwenda kuupima huo wa Königsberg kwa utepe wa cherehani wa mke wangu. Askari akanitazama kwa muda, akaja.

“Mzee, unaupimia nguo?”

Kabla sijajibu, wanafunzi wa ziara walikuwa wameshapanga foleni nyuma yangu, na mwalimu wao, aliyeniona nimeinama na kalamu sikioni, alishanifanya mwenyeji wa ngome. Nikawaeleza habari za Rufiji. Walisikiliza vizuri sana. Swali la kwanza lilikuwa choo kiko wapi.

Mtutu ule una tundu la milimita 105, na urefu wake ni mara 40 ya tundu, yaani mita 4.2. Nikaamua kugawa kila kitu kwa 20. Hesabu hii ina maajabu yake, kwa sababu urefu ukigawanywa kwa 20, uzito unagawanyika kwa 8,000. Kila tani moja ya mzinga wa Wajerumani kwangu inakuwa gramu 125: nusu robo, kipimo cha sukari ya kukopa dukani. Ila kuna vitu havikubali kugawanyika. Bei haigawanyiki. Maneno ya watu yanabaki saizi ile ile. Na hewa, kama nitakavyoeleza, haina habari kabisa na hesabu zako.

Shaba ndiyo maradhi ya kwanza. Mtu akianza kutengeneza mitutu midogo haangalii tena vitu kwa matumizi yake, anaviangalia kwa kipenyo: bomba la bafuni, fimbo ya pazia, kitasa cha mlango wa daktari. Mke wangu ana kinu cha shaba cha kutwangia iliki, alichorithi kwa nyanya yake, na mchi wake ni shaba tupu, umenyooka, hauna ufa. Sikusema neno. Niliushika tu siku moja, nikaupima, nikaurudisha. Tangu hapo kinu kiko kabatini chini ya kanga za harusi, na iliki nyumbani kwetu inapondwa kwa chupa.

Nikaelekea kwa wauza vyuma chakavu. Ilikuwa Januari 2022, na serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara hiyo nchi nzima kwa sababu ya wizi wa vyuma na nyaya za umeme. Uamuzi wa haki kabisa. Lakini nenda wewe ukamweleze mtu aliyefunga banda lake, anayechungulia barabara kushoto na kulia, kwamba mzee mwenye kanzu anataka kipande kimoja tu cha shaba, cha kuutosha mzinga.

“Mzee wangu,” akanong’ona, “neno hilo la mwisho usilirudie hapa.”

Nikangoja mpaka Mei, biashara iliporuhusiwa, nikapewa fimbo ya shaba iliyotoka kwenye vali ya meli, kwa risiti yenye mhuri. Risiti ile naitunza vizuri kuliko cheti cha ndoa, na mwenzangu analijua hilo.

Milimita 105 ukigawa kwa 20 unapata 5.25. Maduka ya vifaa yana biti ya drili ya 5, yana ya 5.5.

“Tano nukta mbili tano?” kijana wa dukani akauliza. “Hiyo ni saizi au ni bei?”

Nikachukua ya 5, sehemu iliyobaki nikaimalizia kwa msasa. Kutoboa tundu jembamba hivyo katika shaba, tena refu, ni kazi ya kuomba radhi: biti inaingia kidogo, unaitoa, unafuta chenga za shaba, unatia mafuta, unarudi. Ukiharakisha inapinda, na ikipinda haikuambii. Utajua itakapochungulia ubavuni. Mtutu mmoja ulichungulia ubavuni. Mwingine ulikwenda sawa kabisa, ukabaki upana wa ukucha, tokeni za umeme zikaisha. Biti imenasa ndani, uani giza, simu yenye pesa za kununulia tokeni iko mkobani mwa mke wangu, na mke wangu yuko kwenye maulidi ya kina mama, ambako mwanamume haingii hata nyumba ikiungua. Nikakaa gizani na kerezo langu. Jirani alipita akasema angalau leo televisheni yake haitetemeki.

Nyumba yangu ya majaribio ni karai la kufulia. Mtutu na kopo lake la hewa huzamishwa majini, pampu inapigwa, na macho yanatafuta viputo, vile vile fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Hapo ndipo unapojua hewa ni nani. Tundu lisiloonekana kwa miwani, ambalo kwenye mzinga mkubwa hata lisingehesabiwa, kwangu linamaliza pumzi yote. Unafyatua, unasikia mtu anapumua usingizini, kisha choroko inajitokeza mdomoni na kuanguka palepale chini ya gurudumu. Ufundi wote, historia yote ya Rufiji, halafu hivyo.

Choroko nazo hazikuumbwa kiwandani. Ikiwa kubwa inanasa, ikiwa ndogo hewa inaipita pembeni na kuiacha. Nikatoboa kipande cha bati matundu mawili: choroko ikipita tundu kubwa na ikakataa dogo, hiyo ni risasi. Zilizobaki, mboga. Nilikuwa nazipepeta na kuzichagua kwenye ungo jioni, barazani, na wapita njia walinisifu kwa kumsaidia mwenzangu kazi za jikoni. Yeye hakuwa amejua lolote mpaka siku aliyofunua chungu.

“Bwana we, mbona choroko za leo zote zimedumaa?”

Sasa, baada ya jaribio moja la karai, choroko moja ikabaki ndani ya mtutu, imelowa. Nikapigiwa simu ya msiba Malindi, nikaenda, nikakaa matanga. Niliporudi mzinga ulikuwa umechipua. Sisemi kwa mafumbo: mdomoni mwa mtutu ulikuwa umetoka mche mweupe, umepinda shingo, una majani mawili yanayotafuta dirisha. Mzinga wa Wajerumani, uliokuwa tishio la bahari yote hii, ukiwa na majani mawili.

Mimi nilitaka kuung’oa. Mjukuu wangu wa gredi ya 4 akanizuia. Wazazi wenye watoto kwenye mtaala huu wa CBC watanielewa: kila siku kuna kitu cha kupeleka shuleni, leo mfano wa mlima wa karatasi, kesho maganda ya mayai, na kinatajwa usiku, maduka yakiwa yamefungwa. Safari hii walitakiwa kupeleka mbegu iliyoota pasipo udongo. Wenzake walipeleka maharagwe kwenye pamba. Yeye akautia mzinga kwenye mkoba, akauvika soksi yangu usiumie.

Mwalimu akauliza mbegu imeota katika nini.

“Katika mzinga wa Wajerumani, mwalimu.”

Nikaitwa. Nilikwenda na risiti. Mwalimu, binti mpole, aliniamkia, akaniketisha, akaugeuza mzinga huku na huku kwa ncha ya kalamu, akauliza kama una kitu ndani. Nikamwambia una mizizi. Alichoandika kwenye karatasi ya tathmini ninacho mpaka leo: “Kuzidisha matarajio.” Na chini yake, kwa wino mwekundu: “Usirudie.”

Ramadhani iliyofuata mjukuu huyo huyo akaona kwenye simu polisi wa Dubai wakipiga mzinga wa kufuturu. Nani wa kumzuia? Akauweka wetu barazani, akaujaza hewa mapema, akakaa kusubiri adhana ya Magharibi. Vali haikuwa na subira hiyo. Sauti yenyewe ni “paf” tu, lakini baraza letu linatazamana na la jirani, na mtoto wa jirani alikuwa ameshika tende mkononi tangu saa kumi na mbili. Adhana ilipotoka yeye alikuwa kwenye tende ya tatu.

“Shikamoo mzee,” baba yake akanijia na kofia mkononi. “Mtoto anasema mzinga umelia.”

“Marahaba. Umelia.”

Mtoto hajabaleghe, saumu yake ni mazoezi, kwa hiyo fikihi haikuwa na la kusema. Mama yake alikuwa nalo, tena kwa sauti ya kufika Kibokoni.

Usiku nikajitetea kwa mke wangu kwa habari za Paris. Katika bustani ya Palais-Royal, mwaka 1786, uliwekwa mzinga mdogo wenye lenzi juu yake. Jua likifika utosini, lenzi inaiwasha baruti, mzinga unalia, na watu wa mjini wanarekebisha saa zao. Mzinga mdogo wa kutangaza wakati, nikamwambia, si uhuni, ni elimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo huwa si dalili njema.

“Na kukiwa na mawingu?”

“Haulii.”

“Sisi tuna muadhini,” akasema. “Mvua, jua.”

Kitu kimoja tu kinaniuma kweli. Mzinga wa haki ukipiga hurudi nyuma kwa kishindo. Ndiyo raha ya kuutazama. Wangu hautikisiki. Choroko haifiki hata nusu gramu, na kitu chepesi hivyo kikitoka mbele hakina nguvu ya kusukuma shaba nyuma. Nimepaka magurudumu mafuta, nimeuweka juu ya kioo, wapi. Mjukuu ndiye aliyepata dawa. Amefunga uzi mweusi wa cherehani kwenye ekseli; mimi nafyatua, yeye, amekaa nyuma ya kiti na uso wa kitabu, anavuta. Wageni wanashtuka, chai inamwagika, mmoja alipiga lahaula. Siri hiyo haijatoka nje mpaka leo ninapoiandika hapa, na najua atanidai fidia.

Kwa sasa umenyamaza. Pampu ilikuwa ya muuza mikate anayepita na baiskeli alfajiri. Ameichukua, anadai mikate inachelewa kwa sababu ya vita vyangu na Waingereza. Hizi za plastiki zinazouzwa siku hizi zinapinda kabla hewa haijafika popote. Mwenye pampu ya zamani ya chuma, ile ya kukanyagia kwa miguu miwili, yenye mpini wa mbao, anitafute. Bei tutaelewana. Choroko ninazo, na zimeshachaguliwa.