Namna ya Kuitia Dohani Kuukuu Bitana Mpya kwa Bei ya Kutupa

Hongera. Umenunua nyumba ya mlowezi kule Limuru, ya mawe, yenye meko ya ukutani sebuleni, na Julai imeingia na ukungu wake. Kabla hujatia gogo la kwanza motoni watatokea wajuaji wa kukwambia dohani ile inataka bitana mpya. Wakaribishe chai, kisha ufuate mwongozo huu.

La msingi ni kutokagua. Ukaguzi huleta habari. Fundi atataka kuwasha moshi wa kupimia chini, azibe mdomo wa juu, aone unavujia wapi. Mwambie huo ni ufujaji. Moshi wa kuni utafanya kazi hiyo bure. Mafundi wa zamani walizikandika dohani kwa ndani kwa chokaa, wengine wakaichanganya na mavi ya ng'ombe, na kandiko hilo lilikuwa imara. Lakini tindikali ya moshi hulila mwaka baada ya mwaka, mpaka linamomonyoka. Ndivyo vile vipande unavyovikuta mekoni kila asubuhi. Vizoe, unyamaze. Moshi ukichungulia kwenye kabati la chumba cha watoto, waambie wageni hiyo ndiyo harufu ya nyumba za zamani.

Sasa bomba. Dukani utaonyeshwa la chuma cha pua, linalopindika, lenye ngozi mbili, ya ndani nyororo ili masizi yasishike. La daraja la 316 ni la wachoma kuni. La 904 ni la wanaochoma na makaa ya mawe pia, kwa kuwa salfa ya makaa ikikutana na unyevu hutoa tindikali inayotoboa chuma. Ukishasikia bei, teremka Kamukunji. Mafundi wa jua kali pale ni hodari wa masanduku ya shule. Waombe wakukunjie dohani kwa bati lilelile. Wakikukatalia, jua wana akili kukushinda, na utafute wengine.

Upana usikutie wasiwasi. Kanuni ni kwamba bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la moshi la jiko, na meko ya wazi hutaka milimita 200 au zaidi. Jembamba ni rahisi. Moshi hauna kiburi: ukikosa njia ya juu utarudi sebuleni.

Bomba huteremshwa kwa kamba kutoka juu ya paa, mishale iliyochorwa juu yake ikielekea moshi unakokwenda. Ukilipindua, lami itachuruzika hadi kwenye mishono na kutokezea ukutani. Nafasi inayobaki kati ya bomba na mawe hujazwa vemikulaiti, ili moshi upande ungali na joto. Ukipoa njiani, huganda ukawa lami. Wewe jaza magazeti ya zamani. Hayana gharama, na yatashika moto bila kubembelezwa.

Kuni ziwe mbichi. Wenye subira huzianika mwaka mzima au zaidi mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Mkaratusi uliokatwa jana utakupa mvuke, moshi mzito na lami ya kutosha kuiwasha dohani yenyewe, na moto wa dohani unaweza kupita nyuzi joto 1,000. Hapo hutalalamika tena kuhusu baridi ya Limuru.

Kuhusu kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, basi haitakukera. Kengele ya kuitambua hulia usiku na kukatiza usingizi, usiinunue. Kila msimu wa baridi husikika habari za familia zilizolala na jiko la mkaa chumbani. Hao hawakuwa na dohani. Wewe unayo, imetoboka.

Haya, funga madirisha yote, ongeza gogo, ulale. Ufunguo wa akiba mwachie jirani, na umwonyeshe chumba cha watoto kiko upande gani.