Barua ya Wazi kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda

Mkurugenzi Mtendaji,
Tume ya Mawasiliano ya Uganda,
Bugolobi, Kampala.

YAH: MAISHA NA TABIA ZA MTEJA WA INTANETI YA WAYA, NATEETE

Mteja wa intaneti ya waya ni mkazi wa mjini anayelipia mwezi kabla haujaanza, kisha akautumia mwezi huo kuulizia alicholipia. Nateete, katika Divisheni ya Lubaga, hupatikana kwa wingi kandokando ya barabara ya Masaka, kwenye nyumba za kupanga zilizo nyuma ya maduka. Kumtambua si kazi: amesimama uani, simu sikioni, macho yake juu ya nguzo.

Waya wenyewe una safari ya kuheshimika. Uganda haina pwani, kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti yake huingilia Mombasa, ambako mikongo ya baharini ya Seacom na TEAMS ilifika mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Kutoka hapo data hukatiza Kenya nzima, huvuka mpaka Malaba au Busia, na kuingia Kampala. Mjini nako njia kuu zipo: Google ilianza kutandaza faiba yake Kampala mwaka 2013 kwa mradi wa Project Link, na mamia ya kilomita yamo ardhini. Balaa huishi katika mita chache za mwisho. Hapo waya mweusi hutoka nguzo hadi nguzo, ukibanana na nyaya za umeme, za televisheni na za kampuni zilizokwisha kufa bila kuzikwa, mpaka lori refu lipite, au mchimba barabara ateremshe sururu, au mwizi akate kipande akidhani ni shaba. Faiba ni kioo. Mwizi huligundua hilo akiwa ameshaondoka na kipande chake, na mtaa mzima umeshazimika.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Ajali hiyo ilikuwa ya kweli. Manufaa yake kwa vitengo vya huduma kwa wateja nayo ni ya kweli, kwa kuwa bahari ni mshitakiwa mwema: haina namba ya simu wala haikati rufaa.

Mkataba wa mteja huwa mfupi upande wa ahadi. Hutaja kasi ya juu kabisa ambayo huduma inaweza kufikia, tuseme Mbps 20, na hunyamaza kuhusu kima cha chini. Kisheria, basi, kampuni inayoleta Mbps 1 haijavunja neno lake. Imebaki ndani ya upeo. Mteja akilalamika kwamba saa mbili usiku video inasimama, huambiwa majirani ni wengi. Hesabu hukataa. Katika mtandao wa kawaida wa faiba ya majumbani, mkondo mmoja wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Hata zote 64 zikivuta kwa pamoja, kila moja ingepata karibu Mbps 39. Kinachobana saa ya usiku, mara nyingi, si waya wa Nateete bali ni upana ambao kampuni imenunua huko juu, na huo hauonekani kwenye bango lolote la matangazo. Ni haki pia kusema kwamba wapo wateja wanaoficha ruta nyuma ya kabati la vyombo, kisha wakailaani kampuni.

Sehemu tajiri zaidi ya somo hili ni kukatika kwenyewe. Kwenye kifaa cha nyumbani huwaka taa nyekundu, na maana yake ni moja: mwanga kutoka kampuni haufiki. Mteja hupiga simu, husikiliza muziki, husikiliza tangazo la kifurushi chenye kasi kubwa kuliko hicho kisichofika, kisha hupokewa na sauti yenye adabu isiyo na mfano. “Ssebo, umeme upo hapo nyumbani?” Upo. “Tafadhali zima ruta, subiri kidogo, washa tena.” Mteja huzima, husubiri, huwasha. Waya uliokatika barabara ya Masaka haujiungi.

Lililo la ajabu ni kwamba swali la umeme halina haja ya kuulizwa. Vifaa hivi vimeundwa ili, vinapokatikiwa umeme, vitume ujumbe mfupi wa mwisho kabla ya kuzimika. Ujumbe huo usipofika na mwanga ukatoweka ghafla, mtambo wa kampuni una kila sababu ya kushuku waya. Kwa maneno mengine, mashine inajua kabla ya mteja kupiga simu, ila mashine na mhudumu hawajatambulishwa.

Baada ya hapo hutolewa namba ya malalamiko, na fundi huwa njiani. Fundi wa intaneti ni mtu aliye njiani; kufika ni suala jingine. Siku akifika, hupanda nguzo, huunga waya, na heshima yote ni yake, maana hulipwa kidogo na hutukanwa kwa makosa ya waliomtuma. Siku asipofika, kwenye mfumo huandikwa kwamba mteja hakupatikana, na lalamiko hufungwa likiwa limetatuliwa. Nateete ina historia inayofanya jambo hili lichekeshe zaidi. Alexander Mackay, mhandisi na mmisionari aliyefika Buganda Novemba 1878, aliishi hapo Nateete na mashine yake ndogo ya kuchapia, na barua zake zilipita Zanzibar mikononi mwa wapagazi. Zilichukua miezi, lakini mpagazi hakuwa na mfumo wa kuandika kwamba alifika akakuta lango limefungwa.

Kodi, kwa upande wake, haijawahi kukatika. Tangu 1 Julai 2021, ilipoondolewa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, isipokuwa ya huduma za afya na elimu, na juu yake huja VAT ya asilimia 18. Kwa hesabu hiyo, katika kila shilingi 100,000 anazolipa mteja, takriban 24,000 ni za serikali. Serikali haitozi kwa mtindo wa upeo. Asilimia 12 ni asilimia 12, taa iwe ya kijani au nyekundu. Siku ambazo waya umelala chini zimelipiwa kodi kamili, jambo linaloifanya Uganda kuwa miongoni mwa nchi zinazotoza ushuru wa bidhaa kwa bidhaa isiyokuwepo.

Ndipo Tume inapohusika. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 huipa kazi ya kupokea, kuchunguza na kusuluhisha malalamiko ya huduma za mawasiliano. Uwezo wa kuifanya upo, tena wa kupigiwa mfano. Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Tume iliziandikia kampuni ikiagiza milango yote ya intaneti ifungwe kuanzia saa moja jioni. Nchi nzima ilizimika jioni ileile, na intaneti haikurudi hadi 18 Januari. Hakuna kampuni iliyoitaka Tume izime ruta na kuwasha tena. Hakuna aliyeambiwa kwamba fundi yuko njiani. Barua moja ilitosha, na katika historia ya huduma kwa wateja nchini ni vigumu kupata ombi lililoshughulikiwa kwa kasi kama hiyo.

Barua hii imeandikwa kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya nchi tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Ikikosa msomaji Bugolobi, hilo litahesabiwa lalamiko la pili.

Tume inaombwa kuandika barua nyingine moja, yenye ukali wa ile ya Januari 2021. Iagize kwamba kila mkataba utaje kasi ya chini na si ya juu pekee. Kwamba siku za taa nyekundu ziongezwe mwishoni mwa kifurushi bila mteja kuzipigania. Na kwamba lalamiko lisifungwe mpaka mwenye nyumba akiri kuwa intaneti imerudi. Na kwa kuwa barua pepe haiaminiki Nateete, jibu litumwe kwa posta.