Mwongozo wa Kufeli CCNA Ukiishi Mbinga

Kwanza kabisa, usimwambie mtu. Najua umeshachelewa. Ukikesha siku tatu mfululizo na kompyuta ndani ya steshenari yenye dirisha la kioo, Mbinga nzima inajua kuna kitu unasomea. Mimi nilimwambia mama peke yake. Jumapili yake mwenyekiti wa jumuiya yetu alinishika mkono mlangoni pa kanisa: "Fundi, ule mtihani wa intaneti ulikwendaje?" Nilikuwa hata sijaufanya.

Kwa asiyejua, CCNA ni cheti cha Cisco kwa mafundi wa mitandao. Mtihani wenyewe, ambao tangu Februari 2020 unaitwa 200-301, ni wa dakika 120 na ada yake ni dola 300. Zigeuze kuwa shilingi, upate laki saba na ushee. Kisha zigeuze kuwa magunia ya mahindi ili baba yako akuelewe, halafu ujute kwamba amekuelewa. Lugha za kuchagua ni mbili, Kiingereza na Kijapani. Kimatengo usiulize.

Chuoni tulizoea kwamba ukifeli unakula sapu, na sapu zikizidi unadisko, unarudi kwenu na godoro lako. Huku hakuna kudisko. Ukianguka unasubiri siku tano, unalipa ada yote upya, unarudi. Ndiyo maana nasema ni mtihani wa hatari: hakuna mtu wa kukuhurumia akakufukuza.

Mara ya kwanza utafelishwa na subneti, kama wenzako wote. Unapewa anwani 256 na kuambiwa uzigawe. Nilihangaika nazo miezi miwili, hadi siku moja nimekaa barazani kwa shangazi, ng'ambo ya bonde shamba lake la ngoro linaonekana lote. Wamatengo wamelima hivyo miteremko yao kwa vizazi. Nyasi zinafyekwa na kupangwa miraba-miraba, udongo unachimbwa katikati ya mraba na kufunika zile nyasi, linabaki shimo lenye matuta pande nne. Mvua ikipiga, maji yanatulia shimoni badala ya kuteremka na shamba zima. Maharage na mahindi yanapandwa kwenye matuta. Shimoni hapandi mtu. Nikaruka kitini. Ukigawa anwani 256 mafungu manne, kila fungu lina 64, lakini za kupandwa ni 62 tu: ya kwanza ni jina la fungu lenyewe, ya mwisho ni ya kuwapigia mbiu wote waliomo. Nilimweleza shangazi kwa furaha, hadi kuchora chini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hizo mbili zisizopandwa, mwanangu, nazo mnazilipia?"

Sikuwa na jibu. Bahati nzuri mtihani nao haukuuliza.

Mtego wa pili ni ule uliofundishwa na mwalimu wako wa darasa la saba: anza na maswali rahisi, magumu yaruke, utayarudia. Ufute kabisa kichwani. Ukishabonyeza kwenda swali linalofuata, lililopita limekwenda na maji. Mimi niliruka moja la OSPF, ile itifaki ya kutafutia pakiti za data njia, nikijiambia nitalirudia. Bado nalisubiri.

Kuhusu safari. Ukiamua kufanyia Dar es Salaam, utaondoka Mbinga kungali giza, Songea, Njombe, Makambako, Iringa, na kote huko utakuwa umepakata madaftari kama mtoto mgonjwa. Usithubutu kufikia kwa ndugu mikono mitupu. Mama atakufungia kilo mbili za dagaa wa Nyasa. Naomba unisikilize hapa: dagaa na notsi visikae begi moja. Kwenye chumba cha mtihani huingii na karatasi, unapewa kibao cha kuandika na kufuta, na mimi nilikipiga subneti kwa vidole vinavyonukia Mbamba Bay. Binti wa kompyuta ya jirani aligeuka mara mbili.

Ukiamua kufanyia nyumbani, masharti ni haya: chumba kitupu, kamera inakutazama muda wote, unapiga picha meza yako pande zote, hakuna kuongea, hata midomo usichezeshe. Mwenye masharti hayo hajawahi kuishi nyumba yenye mama. Nilifunga mlango, nikawaonya wadogo zangu, nikamlipa kijana wa bodaboda azime muziki. Kwenye swali la 41 nikasikia "Hodi!" Sasa wewe uliyelelewa vizuri, mama yako anapiga hodi, utanyamaza? Nikaitika "Karibu, mama." Mtihani ukafungwa papo hapo. Alikuwa ameniletea uji.

Kuna watakaokuuzia madesa, maswali ya wizi yenye majibu, na watakuapia ni ya mwezi huu. Mbali ya kwamba ukikamatwa unapigwa marufuku, majibu yenyewe kayaandika mtu aliyefeli kama wewe.

Ukihitaji faraja, shuka Liuli ukatazame ziwa. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia hapo, wakati huo pakiitwa Sphinxhafen, ikaanza kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani akapiga makasia kwenda kumfokea mwenzake, rafiki yake wa siku nyingi wa kunywa naye. Hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Pakiti ilikuwa haijamfikia. Na kwa faida yetu tunaorudia mitihani: mizinga kadhaa ya mwanzo ilikosa, na mwaka 1915 Waingereza ilibidi warudi tena kuimaliza kazi ileile. Jeshi la wanamaji nalo lilikula sapu.

Atatokea pia mjuaji wa kukwambia CCNA ni ya watoto, nenda kafanye CCIE, ile ya maabara ya saa nane. Mwambie hivi: nambari za waliofuzu CCIE zilianzia 1024, na hiyo 1024 walikipa chumba cha maabara chenyewe. Chumba kilifaulu kabla ya mtu yeyote. Atanyamaza, na wewe utakuwa umepumua.

Baada ya kufeli mara ya tatu nilikimbilia Mbamba Bay kwa mjomba. Nilimkuta chini ya mwembe anashona wavu. Nikampa shikamoo, nikampa na ile karatasi ya matokeo, yenye asilimia za kila mada. Akaishika mbali na macho, akaweka kidole kwenye 32.

"Hapa ndipo palipotoboka?"

"Ndiyo, mjomba. Hapo wanauliza njia za pakiti. Ni robo ya mtihani mzima."

"Haya, shika." Akanipa ncha ya wavu, akaendelea kushona. Hatukuongea tena hadi jua likawa juu ya Malawi.

Nilirudi Mbinga Jumamosi. Siku tano zilikuwa zimetimia. Laki saba ndizo zilikuwa bado. Kesho yake, misa ilipokwisha, nilitokea mlango wa pembeni, ambao siku zote hauna mtu. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa amesimama hapo, mkono ameshaunyoosha.