Breki za Mjomba

Ukimuuliza mjomba wangu kule Soni, Land Rover yake haina ubovu wa breki, ina kiu tu. Kila asubuhi anafungua boneti, anajaza mafuta ya breki, kisha huyo, anateremka Mombo na kabichi zake. Mafuta yakikosekana, utingo hutia maji ya sabuni. Siku hizo, kwenye kona, abiria wote hukanyaga sakafu kumsaidia dereva.

Ni Series III, ile ndefu ya inchi 109. Breki zake ni za drami magurudumu yote: mbele silinda mbili kila upande, nyuma moja moja. Ndani ya silinda mna pistoni na raba ya kuzuia mafuta. Kutu ikishachimba vishimo kwenye ukuta wa silinda, hata raba mpya haizibi. Nikashauri tununue silinda za nyuma, kulia na kushoto, pamoja na shuu za breki, maana za zamani zilishalowa mafuta. Fundi akasema msasa unatosha. Kwa fundi yule msasa hutibu mpaka betri.

Drami ilitoka kwa nyundo na matusi. Ndani, tope jeusi la mafuta na vumbi. Fundi akavuta pumzi alipulize. Nikamziba mdomo kwa kitambaa, kwani shuu za enzi zile zilikuwa na asbesto. Tukaosha kwa maji.

Mjomba alikuwa kwenye usukani. Fundi akapaza sauti: "Mzee, usikanyage!" Kwenye masikio ya mjomba, silabi mbili za mwanzo huwa hazifiki. Pistoni ikachomoka, ikampita fundi sikioni, na mafuta yakarukia baiskeli ya jirani iliyotoka kupigwa rangi. Mafuta ya breki hula rangi. Kufikia magharibi fremu ilikuwa imebabuka, na jirani alikuwa mlangoni akidai fidia.

Silinda mpya zikaagizwa Tanga. Hata fundi hakuleta tena habari za msasa.

Ikabaki kutoa hewa. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine analegeza nati ya kutolea hewa, hewa inatoka na mafuta, nati inafungwa, ndipo mguu unaachia. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pedali. Kazi nyepesi, mradi aliye kwenye pedali asiwe mfanyabiashara wa kabichi. Kila nati ikilegezwa, simu ya Dar inaita, mjomba anaachia mguu apate kubishana bei vizuri, na bomba linavuta hewa upya. Mwishowe utingo aliikalia ile simu.

Kwenye majaribio mjomba alikanyaga kama alivyozoea, kwa uzito wake wote. Gari likasimama palepale. Kabichi hazikusimama, zilikuja mbele kutusalimia, moja ikatua mapajani mwa utingo. Mjomba akaokota kofia yake, akanigeukia kwa hasira.

"Umeniharibia gari," akasema. "Breki gani hizi zisizompa mtu nafasi ya kufikiri?"