Mwongozo kwa Mwenye Pacha Mgonjwa

Usinyoe kama yeye. Mimi nilinyoa, na soko la Ipinda lilinisimamisha mara tatu kuniuliza kama nimeshameza dawa. Majina yetu, Kulwa na Doto, yameazimwa Usukumani. Sura tulizaliwa nayo moja. Kulwa ndiye anayesikia sauti. Wewe Doto, ukiamkiwa "Ugonile", itikia upesi. Ukisitasita, na wewe umeshaugua.

Wazee watakuja. Zamani kwetu Wanyakyusa kuzaa mapacha lilikuwa jambo la kutisha, wazazi wakitengwa na kufanyiwa dawa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi huku miaka ya 1930, aliandika pia kwamba mtu aliyeruka mila alihofiwa kupata wazimu. Basi utaulizwa ni mila ipi mliyoiruka. Usibishane. Mpe mzee kiti na ndizi, mwambie sindano ni Jumanne. Ataelewa, maana hata mila ina siku yake.

Sindano yenyewe ni ya mwezi, ya flufenazini. Masika usingoje Jumanne. Ondokeni Matema kwenda kliniki Jumapili, kabla mto Lufilyo haujavimba ukawaacha mnatazamana na barabara chini ya maji. Matibabu ya akili ni bure, sera inasema. Bodaboda haijaisoma sera. Wala dirisha la dawa, likikuambia, "Imeisha, kanunue nje." Akipewa klopromazini, mvishe kofia shambani: dawa hiyo na jua la kwenye mpunga huunguza ngozi. Akikakamaa shingo, usimwombee kwanza, mrudishe kliniki.

Na usimtishie Mirembe. Hospitali ile ya wagonjwa wa akili huko Dodoma ipo tangu 1927, nasi tumeigeuza tusi la mtaani. (Nami nimelitumia. Alinyamaza siku mbili.)

Kuna swali ambalo hutalisema mbele ya mama. Mapacha wa yai moja, mmoja akipata skizofrenia, uwezekano wa mwenzake kuipata hutajwa kati ya theluthi na nusu. Hesabu hiyo itakujia usiku, ziwa likipiga mchanga. Ukiitwa gizani, usiitike; kwanza ulizia nani mwingine amesikia.

Juzi niliitwa hivyo. "Doto! Doto!" Nikaganda mlangoni. Kulwa akajigeuza kitandani.

"Hiyo ya kweli," akasema. "Ni mwenye mbasa, anadai hela yake. Itika."